Kifua Kisicho na Cheti

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama kwa jiko, na mguu uwe umepungua kuvimba. Je, mvua bado inaingia ndani hapo mtaani Lindi, ama mwenye nyumba hatimaye amebadilisha yale mabati? Mimi ni mzima wa kutembea. Nakula, lakini silali vizuri. Nimemtumia Nekesa barua hii kwa simu yake akusomee, kwa sababu tukiongea hunipi nafasi ya kumaliza. Unaanza kuomba kabla sijafika katikati. Nekesa dada yangu, soma pole pole, na usiruke mahali pabaya.

Hapa Ubelgiji baridi imekataa kutoka. Baiskeli yangu imening'inia ukutani na mimi nakaa kitandani nikiiangalia, kwa maana timu imenisimamisha. Wenzangu wakitoka mazoezini wananisalimu vizuri, halafu wananyamaza. Ukiwa mtu wa kunyamaziwa unachoka kuliko ukiwa mtu wa kupanda milima, Mama. Sikujua.

Najua watu wa ploti wameshakuambia mambo, na wamekuambia vibaya. Hebu nikueleze mwenyewe. Kabla ya yale mashindano ya mwisho kifua kilinibana, kile kile cha zamani. Daktari wa timu akanisikiliza mgongo, akanipa vidonge. Vidonge hivyo mwendesha baiskeli haruhusiwi kuwa navyo mwilini siku ya mashindano, isipokuwa amepewa ruhusa kwamba kweli ni mgonjwa. Daktari akasema nimeze, ruhusa ataiomba yeye, kwani mtu hawezi kungoja karatasi ndio apumue. Nikameza. Nikapanda mlima vizuri kuliko siku zangu zote, na jioni wakachukua mkojo wangu, wakakuta dawa, na ruhusa ilikuwa bado haijatoka. Basi. Sasa magazeti yanauliza Mkenya huyu ametoa wapi nguvu, na mzungu mmoja barabarani alinionyesha ishara ya kujidunga sindano mkononi, huku mtoto wake akicheka.

Ruhusa yenyewe si kitu cha ajabu. Kwenye timu yetu wenye pumu ni wengi mpaka nilishangaa. Vijana waliokulia milimani, hewa safi, ng'ombe wenye kengele, wana pumu, na kila mmoja ana faili nene la hospitali tangu utotoni. Sisemi wanadanganya. Nimechoka hata kushuku watu. Lakini mimi niliyekulia kwenye moshi wa mafuta ya taa, faili langu liko wapi? Faili langu ni yule mzee wa chemist wa Kambi Muru, aliyekuwa anamwaga tembe kutoka kwa mkebe hadi kwa kikaratasi cha khaki, anachora mistari ya asubuhi na jioni, bila hata kuuliza jina la mtoto. Nilimweleza hayo daktari wa kamati inayotoa ruhusa. Akaniuliza dawa iliitwaje. Nikamwambia ni zile nyeupe ndogo, chungu. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa simu ya wizi.

Yule mzee alishafariki, kwa hivyo shahidi aliyebaki ni wewe. Wakili wangu aliwabembeleza wakakubali kukupigia, mradi nisikuambie mapema. Namba yako niliwapa mimi mwenyewe, na siku hiyo nililala kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama, walinichezea mazungumzo yenu. Yule mama mtafsiri alikuamkia kwa heshima, akakuuliza, "Je, kijana wako alipata kuugua maradhi ya pumu utotoni?"

Na wewe ukamjibu, "Pumu? Nani amekuambia hiyo maneno? Huyo mtoto wangu hajawai gonjeka. Hata homa hajui. Alikuwa anabeba mikate na baiskeli kutoka Gatina mpaka huku, na anafika akiimba. Kama kuna mtu huko anataka kazi yake, mwambie aniulize mimi."

"Hata mara moja, mama?"

"Hata mara moja. Mungu ni shahidi."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaomba ruhusa nitoke nje.

Sijakukasirikia, na nataka ulielewe hilo kabla Nekesa hajaendelea kusoma. Mimi najua umetoa wapi jibu lile. Ulipokuwa unafua kwa wale watu wa Lavington, ulikohoa kidogo tu wakakuambia upumzike, upone. Uliporudi ukamkuta mwingine anaanika nguo zao. Tangu hapo ulitufundisha mimi na Nekesa: tajiri akipiga simu, hakuna mgonjwa kwa hii nyumba. Mjomba Simiyu alipata kazi ya mjengo akiwa na mkono umevunjika, na wote tukaapa ni mzima. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyopendwa. Ulisikia Kiswahili cha ofisini, ukaona wanataka kunifukuza, ukanisimamia. Hapa wanafukuza aliye mzima, Mama. Ningewezaje kumweleza daktari jambo kama hilo? Nilijaribu. Akasema wewe umeshaapa.

Wakili amewaomba wakupigie mara moja tu tena, na safari hii wamekubali nikuandikie. Ruhusa ikikataliwa nitafungiwa, na kwa umri wangu hakuna timu itakayonichukua tena. Kurudi Gatina kubeba mikate hakunitishi. Kinachoniumiza ni kurudi nikiwa naitwa mwizi, halafu wewe ukae kanisani na watu wakiguna.

Kwa hivyo wakipiga, usimwogope yule mama. Ni mtu wa Tanga, ndivyo anavyoongea, si polisi. Mwambie jinsi ulivyokuwa unanibeba mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, unanitoa nje kwa korido nipate hewa. Mwambie ulivyonifunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto mpaka ukaungua mkono; kovu si bado liko? Mwambie uliacha kwaya kwa sababu hukuweza kuniacha peke yangu jioni. Mwambie jinsi kifua changu kilivyokuwa kinapiga mluzi mpaka majirani wanagonga ukuta, na Mama Kevo akanipa lile jina, na ukagombana naye hadi mkaacha kuchota maji pamoja. Ulikataza jina hilo kutajwa, na mimi nilikushukuru, maana nililichukia.

Ninakuomba kitu kigumu, najua. Umeshamtaja Mungu, na sasa nataka ugeuze maneno mbele ya watu usiowajua. Lakini mara hii ukinitetea, Mama, nimekwisha.

Nisalimie Mjomba Simiyu huko Gatina, umwambie ile baiskeli yake ya mikate ndiyo iliyonifundisha kazi, breki mbovu na yote. Msalimie pasta, umwambie asiniombee hadharani kwanza, aniombee kimya kimya. Msalimie shemeji, mume wa Nekesa, na yule mtoto wao ambaye bado sijamwona. Msalimie pia Mama Kevo. Mwambie nimemsamehe kitambo, na kama atakubali kukaa karibu na wewe simu ikilia, nitafurahi akiwaambia vile alivyokuwa ananiita.

Weka mguu juu ya stuli. Ukimaliza kusikia haya usinipigie, nitaanza kulia na wewe utaanza kuomba. Ngoja simu yao kwanza.

Ni mimi mwanao, mgonjwa wako,

Filimbi