Aya Moja, Wanafunzi Wawili

Alhamisi. Mvua imeupiga mji wetu wa Kindu tangu asubuhi, na moyo wangu hautulii.

Yote yametokana na kazi za wanafunzi wangu wa ualimu. Wiki iliyopita nilikuta aya ileile katika kazi mbili, neno kwa neno: jinsi watoto wanavyofukuza ndege kwenye mpunga. Moja ya Mwamini, binti mkimya kutoka kijiji cha Tunda, kwenye mashamba ya mpunga. Nyingine ya Kasongo, kijana wa mtaa wa reli, wa kwanza darasani.

Nakiri, nilimshuku Mwamini. Kifaransa chake hakijawahi kuwa kizuri namna ile.

Niliwaita mmoja mmoja, nikawauliza swali moja: kwa nini ulinzi unaanza kabla mpunga haujakauka?

Mwamini alinitazama kama aliyeulizwa jina lake. "Sitwayen," akasema, yaani "mwananchi", kama serikali inavyotutaka tuitane, "ndege anapenda mupunga wakati iko na maziwa ndani. Ikisha kukauka, hana nayo kazi sana."

Kasongo alitazama dirisha. "Nimesahau, Sitwayen."

Kabla sijaamua la kufanya, mkuu wa chuo akaniita. Kasongo ndiye anayeongoza kikundi cha nyimbo na ngoma za chama kinachotawala, na wageni wa chama wako njiani.

"Hii maneno uiache," akasema. "Ao upatie wote wawili sifuri, iishe."

Nani alimwambia? Nilizungumza na Lukogo peke yake, mwenzangu tunayeshiriki meza. Tangu siku ile Lukogo akikohoa, nasikia anasafisha koo ili akanichongee. Labda namwonea. Labda simwonei.

Sikuiacha. Mwamini nimempa alama zake zote. Kazi ya Kasongo nimeifuta, nikamwambia aandike nyingine mbele yangu, juu ya kitu anachokijua mwenyewe. Kumfukuza kungemaliza masomo yake bila kumfundisha kuandika. Kunyamaza kungemwibia Mwamini mara ya pili.

Kasongo hakubisha. Alisema tu kwamba kila alasiri ni mazoezi ya ngoma, na anaogopa kukosa hata siku moja. Ndiyo maana alimwomba Mwamini ampe kazi yake aisome, na Mwamini akaogopa kumkatalia kiongozi wa kikundi. Hilo nalo ningepaswa kuliuliza mapema.

Leo Kasongo amekuja, ameloa, akakaa kwenye benchi la mbele. Ameandika juu ya baba yake, fundi wa reli. Makosa kila mstari. Halafu, katikati, nikakuta sentensi hii: kwamba nyumbani kwao wanajua treni imechelewa mama anapopasha chakula mara ya pili.

Kalamu yangu ikasimama. Nikaisoma tena. Nikawaza: kijana huyu ameitoa wapi?

Nilikuwa nimeketi pale pale nikimwangalia tangu alipoanza. Hakuwa na karatasi nyingine. Hakuna aliyeingia. Hata hivyo nikamuuliza.

"Ni mama, Sitwayen," akajibu taratibu. "Hata jana alipasha mara mbili."

Nimempa alama ya kupita. Mkuu hakunisalimia nilipotoka, na sijui kesho itaniletea nini.

Lakini linalonikosesha raha si mkuu, wala Lukogo. Ni uso wa Kasongo ulivyoanguka nilipomuuliza ameitoa wapi. Nitaweza tena kusoma sentensi nzuri ya mwanafunzi na kufurahi kwanza, kabla ya kushuku?

Mvua bado inanyesha.