Bunduki ya Watu Wawili

Jumanne, 4 Februari

Kuni mbichi leo. Moshi hadi machoni. Foleni ya malori imerudi nyuma mpaka kwenye kituo cha mafuta, kwa hiyo madereva wana njaa na maneno mengi. Matumbo yameisha kabla ya saa sita. Msichana wa kunisaidia hakuja. Nimepika, nimepakua, nimeosha.

Baba huja kibandani kila asubuhi, hukaa kwenye benchi la nje na kikombe cha chai ya rangi, huwasalimia madereva wa Uganda kwa Kiganda chake kibovu. Leo hakuja. Nilidhani ni kile kifua. Nimefika nyumbani, nimemkuta ameketi karibu na ghala la mtama, viatu mkononi, miguu mitupu. Omuse amekufa. Ugonjwa wa sukari. Amefia kwake Amukura.

Omuse ndiye rafiki yake wa pekee. Walikuwa askari pamoja ng'ambo, Uganda. Baba alizaliwa huku Malaba, lakini wajomba wako Tororo, na enzi hizo kijana wa Kiteso alivuka daraja akaandikishwa jeshini bila mtu kumwuliza yeye ni wa wapi. Serikali yao ilipoanguka wakakimbia. Omuse alikuwa na risasi pajani. Baba alimbeba mgongoni akavuka naye mto. Hayo ndiyo ninayoyajua, na aliyenieleza ni marehemu mama, si yeye.

Namhurumia. Na mimi mwenyewe nimechoka.

Alhamisi, 6 Februari

Baba hali. Nimempikia atapa, ugali wetu wa wimbi na muhogo, na mboga ya karanga anayoipenda. Ameinusa tu. Nimemwambia hata mfiwa hula. Ameshinda ghalani akipanga sijui nini. Mtama wenyewe uliisha Desemba.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Mazishi yalikwenda vizuri karibu mpaka mwisho. Kwetu kila mtu husindikizwa na watu wa kazi yake. Mwalimu huimbiwa na walimu. Mwanakwaya na kwaya. Polisi mstaafu hupigiwa risasi za heshima, na watu huzungumzia hilo mwaka mzima. Omuse alikuwa askari, lakini jeshi lake halipo tena. Hakuna wa kumjia na bendera. Mimi sikuliwaza hilo hata kidogo. Kumbe baba amekuwa akiliwaza tangu walipovuka mto.

Padre alipomaliza, baba akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na gunia. Nilidhani ni jembe. Akatoa bunduki. Bunduki kabisa, ya vita, inang'aa mafuta ya samli. Akasimama wima, yeye ambaye siku hizi huinama akivaa viatu. Akaelekeza juu, akapiga. Mara tatu. Watu walilala chini na nguo zao za kanisani. Wengine wakaingia kwenye shamba la muhogo na hatukuwaona tena. Mama Apio, mjane wa Omuse, hakusogea. Alisimama kando ya kaburi akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea deni alilokuwa akidai mumewe.

Kisha baba akapiga saluti, akairudisha guniani.

Nusu ya waombolezaji walikuwa na simu juu. Nimerudi Malaba jioni, video imefika kabla yangu. Dereva mmoja amenionyesha, akicheka: "Mama Ekisa, huyu mzee ni commando!" Ningemmwagia chai.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimempigia baba kelele mpaka sauti imekauka.

Amenieleza, kwa ufupi kama kawaida yake. Bunduki ilikuwa moja kati yao wawili. Walipofika upande huu waliapiana: atakayetangulia, atakayebaki atampigia risasi, kwa sababu hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Bunduki ikakaa kwake kwa kuwa Omuse alikuwa mlevi wakati ule. Mama alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi niliyelala hatua chache kutoka ghala hilo tangu niachike, sikujua.

Nimemwambia chifu ametangaza barazani mara ngapi: rudisha silaha, hutaulizwa. Nimemwambia ng'ambo waliorudisha walisamehewa zamani, wengine walipewa mabati. Upande ule wa daraja angekuwa mzee mwenye hadithi. Upande huu ni jambazi. Amesema anajua.

Nikamwuliza, na wewe ukifa utapigiwa na nani?

"Zilikuwa tatu tu," amesema. "Sikuweka yangu."

Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo, asinione.

Jumatatu, 10 Februari

Wamekuja. Land Cruiser mbili kwa mzee mmoja. Baba alikuwa ameoga, amevaa koti la harusi yake, anawangoja kwenye kiti. Gunia miguuni. Kijana wa polisi aliyemfunga pingu alimwita mzee na akaomba msamaha. Hilo limeniuma kuliko kama angempiga kofi.

Majirani wote wamesimama kwenye ua.

Jumatano, 12 Februari

Busia, mahakamani. Mashtaka: kupatikana na silaha bila kibali, na zile risasi tatu. Dhamana imekataliwa. Mwendesha mashtaka amesema hapa ni mpakani, bunduki hupita kama sukari ya magendo, na mtuhumiwa ana jamaa pande zote mbili, anaweza kuvuka. Baba kuvuka! Hapandi hata kitanda bila kushika ukuta.

Wakili nimepata. Kijana, tai ndefu, lakini anasikiliza. Ameomba kesi isogezwe mbele kabla baba hajajibu mashtaka.

Jumanne, 18 Februari

Wakili ana njia. Ameniita chini ya ngazi za mahakama, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mama, hii kesi iko na mlango. Mzee aseme bunduki ilikuwa ya marehemu. Aliipata huko kwa marehemu hiyo siku ya matanga, akashikwa na uchungu, akapiga. Basi. Maiti haifungwi."

Nimeona mwanga kwa mara ya kwanza. Hata jela walinipa nafasi ya kuongea naye vizuri. Nimemweleza baba polepole, kama ninavyomweleza dawa zake.

Amekataa. Hakufikiri hata kidogo. Amesema hawezi kumshtaki Omuse akiwa hana mdomo. Kwetu neno baya juu ya aliyezikwa juzi humrudia aliyesema, yeye na watoto wake. Najua. Nimelelewa nalo. Lakini mimi ndiye hao watoto wake, na nimemwambia niko radhi linirudie.

Amegeuka kuangalia ukuta. Namchukia kwa ukaidi huu. Nimeandika namchukia na sitafuta.

Alhamisi, 20 Februari

Mama Apio amekuja kutoka Amukura bila kuitwa. Bado amenyoa kichwa kwa msiba. Amekuja kusema yeye mwenyewe atasimama kizimbani na kuapa bunduki ilikuwa ya mumewe. "Omuse angekuwa hapa angesema hivyo hivyo," ameniambia. "Huyo mzee alimubeba. Na yeye abebwe sasa."

Tumekwenda wote wawili kumwona baba. Amemshika Mama Apio mkono kwenye dirisha, muda mrefu, machozi yanamshuka. Sijawahi kumwona akilia, hata mama alipofariki. Nikadhani tumeshinda.

Akasema hapana.

Jumatatu, 24 Februari

Amesomewa mashtaka upya. Hakimu ni mama wa makamo, miwani, sauti ya mwalimu wa hisabati. Amemwuliza kama anaelewa. Anaelewa. Bunduki hii ni yako?

"Ilikuwa ya watu wawili, mheshimiwa. Sasa imebaki kwangu."

Hakimu amerudia swali. Ndiyo au la.

"Ndiyo."

Wakili amefunga faili kwa nguvu. Mama Apio alikuwa amevaa gauni lake zuri, tayari kwa kuapa. Hakuitwa. Tumekula ndizi mbili stendi ya Busia, kila mmoja yake, tukaachana.

Jumatano, 12 Machi

Afisa wa probesheni amefika nyumbani kuuliza tabia ya baba. Amekagua ghala. Amezungumza na majirani. Wote wamemsifu: hagombani, analipa mchango wa kanisa, aliwahi kumwopoa mtoto aliyetumbukia kisimani. Hata yule jirani tunayegombania mpaka wa shamba amemsema vizuri. Nimempa afisa chai na mandazi. Amesema ripoti yake itakuwa nzuri, lakini ripoti si hukumu. Nimeshika lile neno la kwanza tu.

Nimefua mashuka ya baba.

Ijumaa, 21 Machi

Miaka saba.

Kabla ya baba alihukumiwa mwingine, mtu wa Matayos aliyekodisha bastola kwa wezi. Alikana, akasumbua mashahidi. Kumi na miwili. Nikajiambia, mwone, huyo ni jambazi, hakimu ataona tofauti.

Hakimu aliiona. Ndilo linaloniua. Alisoma yote: umri, kifua, kwamba amekiri na hakuipotezea mahakama muda, kwamba hakumlenga mtu, kwamba silaha ilitoka vitani na si kwa wizi. Alisema hata kwamba mahakama imeguswa na sababu yake. Wakili akanigusa bega. Kisha likaja "hata hivyo." Kwamba alikuwa na miaka mingi ya kuirudisha. Kwamba alipiga katikati ya watoto, na risasi iliyopanda hushuka. Kwamba mpakani hapa kila bunduki iliyofichwa ina sababu yake nzuri hadi siku inapopata mwenyewe mwingine. Kwamba kwa bunduki ya aina ile sheria imeweka sakafu, na yeye hana ruhusa ya kushuka chini yake. Saba ndiyo sakafu.

Alivua miwani akaifuta. Sheria ni msumeno, najua, lakini leo nimeona mtu anausukuma huku hataki.

Kila alichosema ni kweli. Ningependa angalau angesema uongo mmoja, nimkasirikie.

Baba aliinamisha kichwa akasema asante. Asante! Nilipiga ukwenzi, nikatolewa nje.

Jumamosi, 29 Machi

Jela ya Busia. Amekonda. Sare imemzidi, amekunja mikono ya shati. Wenzake wanamwita afande, ameniambia, na alijaribu kuficha kwamba hilo limempendeza.

Wakili anataka rufaa. Sheria ya sakafu, anasema, mahakama nyingine za juu zimekuwa zikiiangalia upya. Nafasi ipo. Siku kumi na nne tangu hukumu, na nane zimeshakwenda. Baba atie sahihi tu.

Hatatia.

Nimemwambia atafia humu. Nimemwambia kifua hakingojei miaka saba hata wakipunguza kwa tabia njema. Nimemwambia mjukuu wake Ekisa anaoa Desemba. Nimeishiwa.

Ndipo akanieleza, na hii ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Si kumbeba Omuse. Yaliyotangulia. Kulikuwa na kizuizi barabarani, na vijana waliokuwa wakikimbia kama wao, lakini wa upande mwingine. Walikuwa wamekwisha weka silaha chini. Baba na Omuse waliwapiga risasi. Kwa hiyo hiyo bunduki.

"Amoit mwanangu, hakuna mtu aliwahi kutuuliza. Si huko, si huku. Omuse alikunywa pombe mpaka akachoka. Mimi nilingoja tu. Huyu mama hakimu ndiye wa kwanza kuniuliza kama bunduki ni yangu. Wacha hukumu ikae."

Nimemwambia vijana hao hawatafufuka kwa yeye kula maharagwe ya serikali. Amesema anajua hilo pia. Askari jela akaniambia muda umekwisha.

Nimerudi na karatasi ya wakili kwenye mkoba, haina sahihi. Sijui kama namwonea huruma au namwogopa. Nafikiri yote mawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imenyesha asubuhi. Nimepika kama kawaida. Wakili amepiga simu, nikaiacha ilie. Amepiga tena baada ya saa nane. Jioni hakupiga, ofisi za mahakama zilikuwa zimefungwa, na siku ya mwisho ya rufaa imepita nikiwa nakatakata sukumawiki.

Dereva mmoja kijana kutoka Jinja, ambaye baba alizoea kumsalimia, ameuliza mzee wa Kiganda kibovu yuko wapi. Nimemwambia amefungwa.

"Bambi, pole. Amefanya nini?"

Nimemwambia ni mambo ya vita.

"Vita gani hiyo, mama?"

Hakuwa anatania. Amezaliwa kule kule, na hajui. Nimesimama na upawa mkononi nikitafuta pa kuanzia, na nyuma yake kulikuwa na wengine watatu wanangoja. Nikamwambia akae, chakula kinapoa. Nikamwongezea mchuzi.