Skana Niliyoiacha Dukani

Dada mpendwa, msomi usiyejua hata kubadilisha betri,

Leo nilikwenda kununua skana, ile redio ya mkononi inayotafuta yenyewe masafa ya simu za upepo zilizo karibu. Muuzaji alinipa mbili nijaribu. Nikamwambia, "Kaa pembeni ujifunze," nikawasha ile kubwa. Ikanasa madereva wa teksi wakitaniana, kisha ikasimama kwa walinzi wa ghala.

"Mzee wa geti la nyuma, umesinzia tena?" kijana mmoja alifoka.

"Samahani, bosi. Sitarudia."

Dada, ilikuwa sauti ya Baba! Baba yetu, mkuu wa ofisi, ambaye Mama anampigia pasi tai kila asubuhi. Tangu nizaliwe sijamsikia akimwomba mtu samahani. Nikaizima upesi.

Nikanunua ile ndogo, isiyofika masafa hayo.

Mama sijamwambia. Ukija wiki ijayo, usiende ofisini kumshtukiza Baba kama ulivyopanga. Msubiri nyumbani, mpokee mkoba, muulize habari za kazi. Atakachokujibu, kiitikie.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa mitambo yote mtaani.