Mume Wangu Anabana Springi za Gari kwa Kamba ya Usumba

Bi Chausiku, shikamoo. Naomba unisaidie haraka maana Jumamosi inakuja na sijui pa kushika.

Mimi ni mke wa mtu hapa Bagamoyo mjini, niite Nadhira, mama wa mtoto mmoja, Lujain. Mume wangu Shihab ana duka, tena ana shamba la mananasi Makurunge, na kila masika Prado yetu inakwama kwenye tope tumbo chini, basi binamu yake wa Maskati akamletea springi ndefu, nene, za kuinua gari, pamoja na shokomzoba zake, na badala ya kulipeleka gari kwa fundi akasema atazifunga mwenyewe uani kwetu, maana keshajigamba barazani baada ya swala ya alasiri kwamba mjukuu wa nahodha hahitaji fundi wa kumkazia nati.

Bi Chausiku, kumbe springi haitoki mpaka ibanwe kwanza, na mafundi wana kibanio chake cha chuma, yeye akachukua kamba ya usumba ya marehemu babu yake, akasema hii imefunga shehena hadi Lamu na haijapata kukatika, akaizungushia springi wakati gari limeikalia, akanambia, "Mama Lujain, shika ncha hii, vuta, usilegeze," nami nikavuta kwa kuwa ni mume wangu, akapandisha gari kwa jeki, akafungua nati ya juu, nikasikia kamba inalia, kufumba na kufumbua springi imepita baina ya uso wake na kifua changu, ikapasua bati la jiko la uani na kuangukia upande wa pili. Yeye kofia ilimtoka kichwani, mimi nilijikuta nimekaa chini na kipande cha kamba mkononi.

Kilichonishtua zaidi ni kicheko chake. Alicheka, wallahi! Akasema kamba haina kosa, fundo ndilo lililokosewa, na Jumamosi tutafunga zile mpya kwa kamba mbili, nami nishike tena kwa kuwa hataki watu wa barazani wajue. Mama mkwe, Bi Kholood, alipoliona tundu nikamwambia nazi imedondoka. Akatazama juu akauliza, "Nazi ya mnazi upi, mwanangu?" maana uani kwetu hakuna mnazi, nikainama nikawa naokota vyombo.

Nimefikiri kumweleza ami yake, Mzee Abdulswamad wa Zinga, aliyemlea na ndiye pekee anayemsikiliza, lakini naona haya, kwa sababu mama yangu aliniusia siku ya kuolewa kwamba mke humsitiri mumewe na aibu yake haitoki nje ya mlango. Nikisema nitakuwa nimemfedhehesha, nikinyamaza naogopa eda itanikuta kijana hivi, na nikikataa kumsaidia ataninunia mwezi mzima. Nifanye nini?

Bi Chausiku anajibu

Marahaba, Nadhira. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Subhanallah! Mtu mzima, baba wa mtoto, anachukua chuma kinachobeba gari zima, anakifunga kwa kamba ya makumbi, kisha ncha anamkabidhi mkewe? Nilimpigia simu fundi mmoja ninayemfahamu, nikamsomea. Kabla sijamaliza akaniuliza, "Wapo hai wote wawili?"

Pole sana, mwanangu, kwa hofu iliyokupata. Sasa nikugombeze. Ile iliyoruka ni springi ya zamani, iliyochoka kwa kubeba mananasi. Hizo mpya ni ndefu na ngumu zaidi, zitabanwa zaidi, na zikiruka hazitachagua bati. Nawe unakaa unatunga habari za nazi! Mkweo hakukuamini hata kidogo, amekuonea haya tu.

Mama yako alikuusia usitangaze kwamba mume anakoroma, au kwamba mwezi huu duka limeyumba. Hakukuusia umsaidie kujiua. Na kumwambia mzee aliyemlea si kumtangaza mjini, ni kumwita mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo leo, kabla hujainjika chungu, mpigie Ami Abdulswamad. Mweleze yote, aje alione tundu kwa macho yake. Mwombe aje na fundi mwenye kibanio cha chuma, kazi ifanyike hapo hapo uani, Shihab mwenyewe akaze nati zake, na akitaka kujisifu barazani nani atamzuia? Mpaka siku hiyo, mtoto asikanyage uani wakati gari liko juu ya jeki.

Atanuna, najua. Mpikie, msalimie, mwache anune. Nakuombea mume wa kununa miaka mingi.

Umeniandikia kama mtu asiye na la kufanya, na hapo ndipo uliponishangaza kuliko mumeo. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi, Nadhira. Angeiweza asingekuita. Jumamosi akikwambia shika, mjibu kwa adabu zako zote, "Baba Lujain, sishiki." Halafu kweli usishike.