Niliyoyaona Katika Skrini Iliyopinda

Jumatatu, 3 Juni

Dawa. Chai. Kikohozi, na chai imepoa. Baridi ya Juni imeingia kweli. Makaa yanawaka kwenye mbabula karibu na miguu yangu na bado vidole havitaki kushika kalamu.

Televisheni mpya bado ipo. Nilidhani wataiuza. Ni ile yenye skrini iliyopinda, pembe zake zinakuja mbele kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia. Mwanangu Ilunga, ninayeishi naye, aliileta Jumamosi pamoja na mke wake, Masika. Masika anauza vyombo vya nyumbani kwa jumla, kazi ya watu wao wa Butembo, kule Kivu. Hii ilikaa dukani muda mrefu, hakuna aliyeitaka. Ilunga akasema mke wake amenichagulia mimi.

Kwa nini mimi? Sikuomba.

Na kwa nini wamehamisha kiti changu? Tangu nilipoacha ualimu nimekaa kando ya mlango, uso uwanjani. Naona geti, naona anayeingia na anayetoka. Sasa nimewekwa katikati ya sebule, mlango uko mgongoni. Ilunga anasema televisheni ya namna hii hutazamwa kutoka katikati. Huenda. Lakini alisema bila kunitazama.

Jumatano, 5 Juni

Niwe mwenye haki. Nilifundisha fizikia. Kupima kwanza, kuhukumu baadaye.

Faida. Nikiwa katikati, pembe za picha ziko mbali na jicho langu karibu sawa na kitovu chake. Macho yangu mabovu hayahangaiki. Mpira wa jana, nyasi zilinizunguka kama nimekaa ukingoni mwa uwanja. Hilo sikatai.

Hasara ni nyingi zaidi. Haitundikiki ukutani vizuri. Imekula meza nzima. Taa ya dari inajinyoosha juu ya kioo, mstari mrefu mweupe. Ikipasuka, nani mjini hapa atapata kioo kingine cha kupinda? Watengenezaji wenyewe wameacha, karibu wote. Na hasara kubwa kuliko zote: ni ya mtu mmoja. Katika nyumba zetu viti vinafuata kuta zote, mgeni anakaa alipopata nafasi. Tambwe, rafiki yangu niliyefundisha naye, alipokuja jana alipata upande wa dirisha. Akatazama habari kwa muda, kichwa kimeinama.

"Mwalimu, huyu mutangazaji iko mugonjwa? Amekonda upande moja."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Baadaye nikawaza. Zawadi inayomfaa mtu mmoja tu, na mtu huyo anakufa. Nani anawekewa kiti hicho cha katikati, mimi au atakayenirithi?

Alhamisi, 6 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Skrini ikabaki nyeusi, ikawa kioo. Ndani yake mlango ulio nyuma yangu, na kipande cha uwanja. Picha hafifu, imevutwa. Lakini mtu akipita naona.

Vizuri. Hawajanipofusha kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Shingo haigeuki tena. Nikitaka kutazama nyuma lazima nisimame, na kusimama kunahitaji mtu wa kunishika. Kwa hiyo leo niliomba televisheni izimwe. Nilisema kichwa kinauma. Uongo. Nilitaka kioo changu.

Geti liko upande wa mkono wangu wa kulia. Nyumba ndogo ya nyuma iko kushoto. Humo nimeweka vitu vya marehemu mke wangu: cherehani, sanduku la vitenge, masufuria makubwa ya sherehe. Ufunguo anao Masika. Nilimpa mwenyewe.

Mchana watu walipita kwenye kioo. Wanaume wawili, wamebeba kitu kikubwa bapa. Wakatoka kushoto, wakaenda kulia. Kisha Masika, mzigo kichwani, kushoto kwenda kulia. Kisha wale wanaume tena.

Katika kioo, cha kulia hubaki kulia. Kwa hiyo wanatoka kwenye nyumba ndogo, wanaelekea getini.

Anaondoa vitu vya mke wangu. Mimi bado napumua.

Jumapili, 9 Juni

Misa nimeisikiliza redioni. Sikusikia neno.

Nilimuuliza Ilunga jana kulibebwa nini uwanjani. Akajibu hakuna kitu, labda majirani. Majirani wanapitaje ndani ya uwanja wangu? Mwanangu hajui kusema uongo, tangu utotoni masikio yake yanakuwa mekundu. Jana yalikuwa mekundu.

Masika siwezi kumuuliza. Kwetu baba mkwe hamhoji mkaza mwana uso kwa uso, wala yeye haketi mbele yangu. Maneno yetu yote yanapita kwa Ilunga. Miaka yote hiyo sauti yake ninaifahamu kutoka jikoni tu. Leo ilikuwa kwenye simu, kwa Kinande, lugha yao ya Butembo, chini chini. Nilipokohoa ikanyamaza.

Nimempigia binti yangu mkubwa Ngoie, ambaye Ilunga humwita yaya, kule kwetu Kongolo. Nilitaka kumwambia anachofanya wifi yake. Kabla sijafika mbali akasema yuko sokoni, atanipigia. Hakupiga. Naye pia?

Jumatatu, 10 Juni

Umeme upo. Nimekataa televisheni iwashwe. Wamepita tena. Sasa ni magodoro, nimeyatambua kwa jinsi yanavyojikunja. Kushoto kwenda kulia. Masika alikuwa anawaelekeza kwa mkono.

Chuki inanipa nguvu. Nimekula bukari yote, ugali wetu, mpaka sahani ikabaki tupu. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 11 Juni

Nimesema.

Tambwe alikuwapo. Nilimwita makusudi, nilitaka shahidi. Masika alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, kama desturi inavyotaka. Sikumwangalia. Nilimwambia Ilunga: mwambie mke wako arudishe vitu vya mama yako. Nimeona kwa macho yangu vikitoka. Mpaka virudi, yeye asilale hapa. Sitafia nyumba moja na mwizi.

Neno mwizi nililitamka kwa sauti ya darasani. Sikujua bado ninayo.

Ilunga alisimama. Alifungua mdomo. Kutoka mlangoni Masika akasema, polepole:

"Acha, Ilunga. Usimwambie."

Niliona hapo nimemshika. Tambwe alitazama sakafu. Baadaye aliniambia kwamba nimesema vikali. Nikamwambia yeye hakuona.

Alhamisi, 13 Juni

Masika ameondoka. Yuko kwa kaka yake, upande wa barabara ya Kasapa. Ilunga alimsindikiza, akarudi. Amenipikia uji wenye mabonge. Kaka wa Masika, nasikia, anasema dada yake hakuzaliwa kuitwa mwizi na watu wa Kongolo, na kwamba ikibidi atamrudisha Butembo.

Nimepata nilichotaka. Nyumba ni baridi. Sijalala.

Ijumaa, 14 Juni

Lazima niandike hili lote leo.

Asubuhi umeme hakuna. Nimeketi mbele ya skrini nyeusi kwa mazoea. Ilunga alichukua ndoo ya plastiki, kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kuteka maji. Bomba letu liko getini kabisa, mkono wangu wa kulia. Nilisikia maji yakimwagika ndani ya ndoo. Nilisikia bomba likifungwa. Kisha nikamwona kwenye kioo, bega moja limeshuka kwa uzito. Alikuwa anatoka kushoto kwenda kulia.

Yaani, kwa hesabu yangu, mwanangu ametoka kwenye nyumba ndogo na ndoo iliyojaa, anaipeleka barabarani.

Hakuna mtu anayepeleka maji barabarani.

Na ndoo ile ilijazwa getini. Nililisikia bomba.

 Nikakumbuka somo la vioo. Kila mwaka niliingia darasani na kijiko cha supu. Niliwapa wanafunzi wajitazame ndani yake, wakapiga kelele kwa sababu kichwa kiko chini. Kijiko kimebonyea kila upande, kwa hiyo kinapindua juu na chini, kulia na kushoto. Skrini hii imebonyea kwa upana tu. Inapindua pande tu, na kwa vitu vilivyo mbali tu. Geti lilikuwa linaonekana kushoto. Vyote nilivyoona vikitoka vilikuwa vinaingia.

Nimefundisha jambo hilo maisha yangu yote. Mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari angenisahihisha. Lakini mwanafunzi asingekuwa anatafuta mwizi.

Nilimwita Ilunga. Nikamwambia anipeleke nyumba ndogo. Alikataa. Nikamwambia nitakwenda kwa magoti. Akanishika kwapa, tukaenda.

Cherehani ipo. Sanduku la vitenge lipo, limefutwa vumbi. Masufuria yapo. Na vitanda vinne vipya vya mbao, magodoro bado yamo katika nailoni yake. Nikauliza vya nani. Masikio yake yakawa mekundu, kisha akaacha kujaribu.

"Ni ya yaya Ngoie na batoto yake, papa. Banakuya. Bote banakuya. Munganga wa hospitali alituambia haitakawia. Masika njo alisema tukugeuze, utazame télé, juu usione vitanda na kuanza kuhesabia siku zako."

Basi nilikuwa na haki ya kushuku. Walinificha jambo, wote. Walinificha jinsi kifo changu kilivyo karibu. Na yule niliyemwita mwizi alichagua kutoka nyumbani kwake badala ya kunitajia.

Jumamosi, 15 Juni

Padri amekuja na komunyo ya wagonjwa. Nimeungama. Amenipa msamaha haraka, ana wagonjwa wengine.

Mungu amenisamehe. Masika bado. Ni mambo mawili.

Sikumwambia padri lililo baya zaidi. Nitaliandika hapa. Nilipomwona Masika kwenye kioo sikushangaa. Nilifurahi. Tangu siku ya mahari nilikuwa nasubiri mtu wa Kivu anipe sababu. Alinipikia, alinifulia, akaninunulia dawa, na mimi nilikuwa nasubiri. Upinde wa kioo haukunidanganya sana. Uligeuza pande tu. Yaliyobaki ni yangu.

Jumapili, 16 Juni

Nilimtuma Ilunga akamwite Masika. Nilimwita pia Tambwe, kwa sababu tusi nililitamka mbele yake. Nilidhani Masika hatakuja. Alikuja baada ya misa, na kaka yake, ambaye hakuketi.

Alisimama tena kwenye mlango wa jikoni. Ilunga akangoja nimpe maneno ya kupeleka. Nikasema hapana. Nikamwomba Masika aingie, aketi mahali ninapoweza kumwona. Tambwe alishtuka. Kaka wa Masika pia. Masika alikaa kwenye ncha ya kiti, macho kwenye magoti.

Nilimwambia mwenyewe. Hukuiba. Nilikosea, na nilitaka kukosea. Nakuomba msamaha mbele ya wale waliosikia, na mbele ya ndugu yako.

 Ana uso wa mtu aliyechoka, sikuwahi kuujua vizuri. Kisha akasema:

"Papa, nimesikia. Inaniuma bado, sitadanganya. Miaka yote nilijua haunipendi, nikawaza itaisha. Nitabaki. Lakini si juu ya haya maneno. Yaya Ngoie anafika kesho na vitanda iko bila mashuka."

Kaka yake alikohoa, nadhani ni kicheko alichokizuia. Alinishika mkono alipoaga. Hakuubana.

Sikustahili zaidi ya hapo. Nilitarajia pungufu.

Jumatano, 19 Juni

Ngoie amefika juzi, na watoto. Nimehamia kitandani. Sitoki tena.

Munganga amekuja, ameondoka. Sasa tunazungumza wazi.

Masika ameniletea maji ya kunawa. Ameingia mwenyewe, hakumtuma mume wake. Tumesema maneno machache kuhusu baridi. Hakutabasamu. Ameweka blanketi sawa upande wa miguu.

Jioni. Dirisha liko wazi kidogo. Masika na Ngoie wako jikoni, wanapika kwa ajili ya watu wengi. Nasikia wanaongea, kisha sauti zinashuka, kisha wanacheka wote wawili.

Sijui wanacheka nini. Sijauliza.