Akipungua Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Samaki wa bosi wamefika Musoma! Saba, wa baharini, kwa basi toka Dar, ndani ya ndoo. Wadogo kama furu wetu wa ziwani, ila kijani kinachong'aa, na wakigeuka wanageuka wote. Tangi limewekwa kando ya meza yangu ya mapokezi hapa gesti. Bosi Revocatus katuita wafanyakazi wote watatu: mimi, Ghati wa usafi, Abednego wa jikoni. Akipungua samaki mmoja, kasema, na mtu anapungua. Ghati, mzaliwa wa Mugango kwa wavuvi, haoni samaki akanyamaza: "Furu hawa ukikaanga hata kisahani hawajazi, bosi!" Tulicheka. Bosi hakucheka.

Jumatano, 5 Juni

Nilidhani wanaotembea pamoja wanapendana. Wapi! Sita wanamdonoa mmoja, yule mwenye pezi lililochanika. Akijificha nyuma ya jiwe, wanamfuata. Nimetazama mpaka chai ikapoa. Hata kioo sikugonga.

Alhamisi, 6 Juni

Amekufa. Jicho moja halipo. Nimemtoa kwa kijiko nikamtupa chooni kabla bosi hajafika – meza ni yangu, angesema ni mimi.

Saa nne bosi kahesabu. Sita! Nani kamchukua? Mara nikasikia mdomo wangu unasema: si Ghati alitaka kuwakaanga? Abednego akadakia, eti jana Ghati kamwomba mafuta ya kupikia. Yalikuwa ya bawaba za mlango wa stoo. Alijua. Na mimi nilijua.

"Dada Gaudensia, si nilikuwaga natania tu! Sema basi, ulikuwepo!"

Nikafungua kitabu cha wageni, nikajifanya naandika. Bosi kamfukuza; ameondoka na kandambili zake kwenye mfuko wa rambo.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Ghati alikaa benchi la mbele yangu. Hakugeuka. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwake sikuthubutu. Nina roho mbaya, haya. Lakini kazi ninayo.

Jumatatu, 10 Juni

Wamebaki watano! Huyu hata mzoga sijauona. Abednego kanisalimia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, kisha kaenda kunong'ona na bosi mlangoni. Nimesikia "kijiko". Nimesikia "chooni" – kumbe aliniona!

Naandika hapa mezani nionekane nina kazi. Wananijia wote wawili. Natafuta kwa macho mtu wa kunitetea. Pekee ambaye angenitetea alikuwa Ghati –