Dawa ya Uyoga na Machozi Yaliyochelewa

Mama yangu mpendwa,

Huku kumekucha na mvua. Si ile ya kwetu Bungoma inayopiga mabati mpaka watu wapigiane kelele ndani ya nyumba moja. Hii ya Sydney inanyesha kimyakimya, kama mgeni anayeogopa kuwasumbua wenye nyumba. Nimeketi dirishani hapa Quakers Hill. Mjukuu wako Neema amekwenda shule, mkwe wako Wafula yuko bandarini Port Botany na lori lake. Tumebaki mimi na wewe, na nina jambo la kukueleza.

Unakumbuka asubuhi za baada ya mvua kubwa, tulipokwenda kwenye kile kichuguu nyuma ya shamba la mahindi? Wewe mbele, leso kiunoni, mimi nyuma nikikanyaga nyayo zako kwenye tope. Uyoga ulikuwa umechomoza mweupe, mwingi, umesimama kama watu waliokusanyika kusikiliza jambo. Siku moja niligusa mwingine, uliokuwa peke yake kwenye samadi ya ng'ombe, nawe ukanipiga kofi dogo la mkono.

"Huo uache."

"Unaua?"

"Kuna unaoua, na kuna unaomfanya mtu aone vitu."

Nikakuuliza vitu gani. Ukacheka, ukasema wewe ulikuwa na vitu vya kutosha vya kuona hapa hapa duniani. Nani angejua kwamba mimi ningekuja kumeza huo wa kuona vitu, tena mbele ya daktari?

Ulipofariki, mipaka ya nchi hii ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Nilikuzika kwa simu, mama. Kaka Simiyu aliinua simu yake juu ya vichwa vya watu. Nikaona mwavuli, nikaona mgongo wa mchungaji, kisha jeneza likaanza kushuka na picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanaimba na kaburi limeshajaa. Siku iliyofuata nikavaa sare yangu ya unesi nikaenda kuwaosha mama za watu wengine. Nilingoja machozi. Hayakuja siku hiyo, wala mwaka huo, wala uliofuata.

Badala yake ulikuja ukungu. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Neema alinionyesha michoro yake nikasema "vizuri sana" bila kuitazama. Wafula, yule mwanamume wa makontena na minyororo, alijifunza kumsuka mtoto nywele kwa sababu mikono yangu ilikuwa mizito. Jioni moja aliniambia, "Mama Neema, tunaishi nyumba moja lakini ni kama nimeoa picha yako." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Nilipewa vidonge, vikabadilishwa, vikabadilishwa tena. Nilikaa na washauri nikazungumza mpaka maneno yakaniishia. Kisha nikaanza kuwaza kwamba nyumba yetu ingekuwa nyepesi nisipokuwepo. Wazo hilo lilinitisha kwa jinsi lilivyokuja kwa upole. Nikamwambia daktari wangu, naye akanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Huyo ndiye aliyenitajia psilosaibini, dawa inayotokana na uyoga.

"Daktari, mimi ni nesi," nilimwambia. "Hicho si kilevi?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba kuna watu wa milimani kule Meksiko ambao tangu kale waliutumia uyoga huo katika ibada na matibabu, kwa heshima, usiku kucha wakiimba. Wageni waliokuja kuwatawala wakawakataza, nao wakauficha wasiuache. Miaka mingi baadaye wanasayansi wakaupata, wakaitenga dawa iliyomo ndani yake, wakaanza kuwa na matumaini. Kisha ukavuma mitaani, serikali nyingi zikaupiga marufuku, na utafiti ukalala kwa muda mrefu. Sasa umeamka. Hapa Australia wapo madaktari wachache wa akili wenye ruhusa ya kuitoa dawa hiyo, kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zimewashinda.

"Sikuahidi kitu," alisema. "Wengine inawafungua. Wengine inawatisha. Wengine hawapati chochote. Na wapo ambao siwezi kuwapa kabisa."

Akanipima moyo, akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kurukwa na akili. Kisha akaniachisha vidonge vya zamani kidogo kidogo. Ule wakati wa kungoja ulikuwa mbaya, mama. Ukungu ulishuka mpaka magotini.

Mama Shiru wa kikundi chetu cha maombi alisikia, akaja na chapati zilizofungwa kwenye taulo. "Nasimiyu, unafungua mlango usioujua," alisema. "Nani ataingia?" Alikaa akikunja na kukunjua lile taulo. Mwishowe akasema, "Basi nitakuombea ukiwa huko ndani. Si kwamba nimekubali. Nitakuombea tu."

Siku yenyewe tulipanda treni mimi na Wafula mpaka mjini. Chumba kilikuwa na kitanda, blanketi, na pazia lililoruhusu mwanga kidogo. Mwanamke na mwanamume waliofunzwa kazi hiyo wangekaa nami mpaka dawa iishe mwilini. Nikameza vidonge, nikafunikwa macho, muziki ukaanza.

Kwanza kilikuja kichefuchefu, na baridi, na miayo isiyokwisha. Kisha hofu. Nilihisi sakafu inaondoka. "Nataka kutoka," nikasema. Mwanamke yule akanishika mkono. "Niko hapa. Pumua. Usikimbie. Tazama hofu imekuja na nini."

Nikatazama.

Blanketi likawa udongo uliolowa, na nikasikia harufu yake. Muziki ukawa na rangi, ile ya ndani ya pera lililoiva. Wakati ukalegea, ukalala kando yangu kama mbwa. Nikajikuta uwanjani kwetu. Kaburi lilikuwa wazi na wewe umeketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani kama mtu aliyeketi mtoni, ungo wa maharagwe mapajani.

"Mama," nikasema, "wamesema umekufa."

"Ndiyo," ukasema bila kuinua kichwa. "Njoo unisaidie kuchagua."

Nikaketi. Tukachagua. Mabovu tuliyatupa shimoni, na kila lililoanguka liligeuka konzi ya udongo. Sijui ilichukua muda gani, labda utoto wangu wote. Shimo likajaa taratibu chini ya miguu yetu mpaka nyayo zetu zikagusa ardhi. Ndipo ukasimama, ukakung'uta leso, ukanitazama uso mzima kama unayekagua mtoto kabla ya kanisa, kisha ukaondoka kupitia katikati ya mahindi. Yalitikisika ulipopita. Baadaye yakatulia.

Nikalia, mama. Nilitoa sauti nisiyoijua, ya mnyama au ya mtoto mchanga, na hakuna aliyeninyamazisha. Nililia machozi ya kaburini na ya miaka yote iliyofuata, mpaka mto ukalowa wote.

Sijui kama ulikuwa wewe. Daktari anasema dawa ililegeza ubongo uliokuwa umekaza, njia zilizozibwa zikapitika. Mama Shiru anasema ni maombi yake. Kwenye treni ya kurudi Wafula alimenya chungwa, akanipa kipande kwa mazoea tu, kwa kuwa nilikuwa sili. Nikakila. Nikakiona kitamu mpaka nikashtuka. Nikala chungwa lote, nikauliza kama ana jingine. Akageuza uso dirishani, mabega yakitetemeka.

Nisikudanganye kwamba nilipona siku ile. Ukungu hurudi, ila sasa hurudi na kuondoka. Bado naenda kwa daktari tuyazungumze niliyoyaona, maana anasema kuota peke yake hakutoshi. Neema aliniuliza kwa Kiingereza chake nilikuona wapi. Nikamsimulia kwa Kiswahili, habari yote. Akafikiri, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka daraja la mti mmoja, "Nyanya alikuwa na kazi nyingi."

Jumamosi iliyopita tulikwenda ufukweni. Neema alimfukia babake mchangani mpaka shingoni, akamvika miwani yangu, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Ni jioni tu, nikiosha miguu, ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikukuwaza hata mara moja. Nikangoja moyo unisute. Haukunisuta.

Desemba tunakuja nyumbani, wote watatu. Nitasimama hapo ulipo kwa miguu yangu mwenyewe, nikusalimu, kisha niende jikoni nikawasaidie wenzangu kupika.

Lala, mama. Mimi nimeamka.

Kitindamimba wako,
Nasimiyu